Kozi ya wiki nane ya ajiliti kwa wanaoanza: mbwa kafaulu, mi bado

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake: nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata ni ya ubao wa bembea, ntafika huko, na kidogo nikate mbili ila nimeshapoa.

Kozi yenyewe ni ya ajiliti, ule mchezo wa mbwa kupita vizuizi kwa mpangilio huku we unamuongoza, na ni ya watu na mbwa ambao hawajawahi kugusa mchezo wowote wa mbwa, wiki nane, mara moja kwa wiki, saa moja. Klabu siitaji maana nina malalamiko, na wale watu kiukweli ni wazuri, sitaki mtu awaharibie kwa kosa la jioni moja. We soma tu ujue cha kuangalia unapoenda kujiandikisha kokote ulipo.

Mbwa wangu anaitwa Kishindo. Ni koko, mwembamba, sikio moja limesimama jingine limelala, ana miaka miwili na kidogo, na hilo jina kalipata kihalali maana hajawahi kushuka ngazi kimyakimya. Nilimpeleka kwa sababu alikua anamaliza viatu. Nilijaribu kumtembeza mara mbili kwa siku, nikaongeza ya tatu, wapi, nilichopata ni mbwa mwenye pumzi zaidi ya kutafunia viatu. Halafu nikawa naangalia video za mbwa wanaruka viunzi wanazama kwenye handaki wanatokea upande wa pili kama wamerushwa na manati, na mi kwa akili zangu nikasema huyu wangu anaruka kochi bila kuligusa, wiki ya pili tu bingwa.

Basi wiki ya kwanza tukaambiwa tuje bila mbwa.

Nilinuna jamani. Nimelipa kozi ya mbwa halafu mbwa abaki nyumbani? Tuko watu kumi tumesimama kwenye nyasi, mwalimu anatugawia kila mtu klika, kile kidude cha plastiki chenye kibati ndani ukikibonyeza kinalia "tak", na mpira mmoja wa tenisi kwa kila watu wawili. Zoezi ni hivi, mwenzako anadondosha mpira, we unabonyeza pale pale mpira unapogusa chini. Mpira wa kwanza nilibonyeza umeshadunda umerudi mpaka kiunoni. Wa pili nikaogopa kuchelewa nikabonyeza ukiwa bado mkononi kwa mwenzangu, akacheka mpaka akakaa chini. Dakika kumi nzima tuko hapo, watu wazima na akili zetu, tak tak tak, hakuna hata mmoja aliyepatia mara tatu mfululizo.

Ndo mwalimu akaeleza. Ule mlio kwa mbwa maana yake ni "hicho hicho ulichokifanya sasa hivi ndo nakulipia", ukichelewa kidogo tu unakua umemlipa kwa kitu kingine. Alikua amekaa, ukabonyeza anainuka, umemfundisha kuinuka. Mi hapo nikakaa kimya maana nilikumbuka mwaka mzima nampa Kishindo kipande cha nyama akiwa anarukaruka usoni kwangu, kichwani nikijua nampa kwa sababu alikaa sekunde mbili zilizopita. Kumbe mbwa alikua anajifunza vizuri sana, ila sio kile nilichokua nafundisha.

Hilo somo moja peke yake lina nyota mbili. Na klika sio lazima, wengine wanatumia neno fupi tu, yani chochote kinachosikika sawa kila mara, ila kwa mtu kama mi ambaye nikifurahi sauti inabadilika, kile kidude kinasaidia.

Wiki ya pili na ya tatu mbwa wakaja, na viunzi vikawepo, vimelala chini. Fito zake ziko kwenye nyasi, mbwa anazivuka kwa kutembea tu. Muda mwingi ulienda kwenye vitu ambavyo ukimpiga picha mbwa wako hakuna atakayeielewa: kukuangalia we wakati kuna mbwa wengine tisa pembeni, kukaa kwenye mstari wa kuanzia mpaka aitwe, kwenda kugusa kisahani cha plastiki mbele bila we kwenda naye, kuzunguka koni na kurudi. Hapo kwenye kusubiri kwenye mstari Kishindo alinishangaza, alikaa. Nilikua nimempigia hesabu ya sekunde moja akakaa nane, nikasahau hata kumlipa.

Kuna kaka mmoja alikuja na mtoto wa mbwa wa miezi saba, wa zile jamii kubwa, miguu mirefu kama ya kukopa, na kila wiki anauliza wanaruka lini. Mwalimu alimkatalia kabisa na nilipenda alivyomkatalia, bila kumdhalilisha. Akamwambia kaka, mifupa ya mbwa inarefuka kwenye sehemu laini karibu na ncha zake, na kwa mbwa wengi hizo sehemu hazizibi mpaka karibu mwaka, kwa mbwa wakubwa inaenda mpaka mwaka na nusu au zaidi, ukimrusha juu leo na kumtua vibaya unaweza kumpindisha mguu wa maisha. Ndo maana hata mashindano ya FCI, lile shirikisho la kimataifa la mbwa, hawapokei mbwa chini ya miezi 18. Yule kaka alikubali, na mbwa wake alimaliza kozi akiwa hajaruka hata kimoja ila ndo aliyekua anamsikiliza bwana wake kuliko wote pale. We ukienda mahali wanamrusha mtoto wa miezi saba viunzi vya juu siku ya kwanza, chukua mbwa wako muondoke.

Mbwa pia walipimwa urefu, kutoka chini mpaka juu ya mabega. Kishindo sentimita 44. Kwa vipimo vya FCI wadogo ni chini ya 35, wa kati ni kuanzia 35 mpaka chini ya 43, kisha kuna kundi la 43 mpaka chini ya 48, halafu wakubwa. Kwa hiyo kwa sentimita moja tu kaingia kundi lililo juu ya wa kati na siku akishindana atarukishwa 45 mpaka 50, yani kupita kimo chake mwenyewe. Mi nilikua namuita mkubwa siku zote.

Halafu zile fito zinadondoka zikiguswa, hazijafungwa. Nilidhani ni za bei rahisi. Kumbe ndo zinavyotakiwa, mbwa akikosea ufito unaanguka yeye haumii, ni mtindo wa mashindano ya farasi ya kuruka viunzi uwanjani, na mchezo wote wa ajiliti umetokea huko. Mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts pale London walikua wanatafuta kitu cha kuwaburudisha watu katikati ya vipindi, wakachukua wazo la farasi wakawawekea mbwa. Kijaza muda tu! Na leo hii mi nimesimama juani nalia kwa sababu mbwa kachagua handaki lisilo lake.

Ambayo inanileta wiki ya nne, wiki ya miguu.

Wiki ya nne viunzi vimeinuliwa kidogo, kama kufika kwenye kifundo cha mguu wa mtu, vitatu kwa mstari halafu handaki mbili, moja kushoto moja kulia. Namtuma Kishindo, anavuka cha kwanza cha pili cha tatu, safi, nanyoosha mkono kulia, "handaki!", anaenda kushoto. Tunarudia. Nanyoosha mkono kulia kama askari wa barabarani, anaenda kushoto. Mara ya tatu nikaanza kumlaumu kwa sauti, unajua yale maneno "huyu leo hana akili". Mwalimu hakusema kitu, akanichukua video kwa simu yangu mwenyewe, akanirudishia, "angalia chini, dada, usiangalie mbwa."

Mkono wangu uko kulia. Miguu yangu yote miwili, na kiuno, na bega, vinaangalia kushoto. Mbwa anakimbia mbele yangu anageuza shingo kidogo tu, anaona vidole vya viatu vyangu vinakoelekea, anakwenda huko. Mara zote tatu. Yani hajakosea hata mara moja, mi ndo nilikua naongea lugha mbili kwa wakati mmoja. Nilimuomba msamaha hapo hapo mbele za watu.

Kuanzia siku hiyo nafanya mazoezi ya kugeuka mwenyewe jikoni, bila mbwa. Kuna kugeuka mbele yake, unabadilisha upande ukiwa unamuangalia, na kuna kukata nyuma yake akiwa ameshapita, na ya kwanza inahitaji uwe umefika kabla yake, ambayo kwa spidi ya Kishindo na magoti yangu ni ndoto, kwa hiyo mwalimu akasema basi we mfundishe kwenda mbele peke yake, ndo maana ya kile kisahani cha wiki ya pili. Hapo ndo nikaunganisha. Zile wiki nilizoona wanapoteza muda walikua wananitengenezea njia ya kutokimbia.

Wiki ya tano sina mengi. Tuliingia kwenye paa, zile mbao mbili zilizoegemeana kama paa la nyumba, lakini limeshushwa karibu na chini, kwenye mashindano ya FCI kilele kinafika mita 1.7. Chini ya kila upande kuna rangi tofauti na mbwa lazima aikanyage kabla hajashuka, ili asiruke kutoka juu akavunja mabega, na kwenye mashindano akiikosa ni alama tano za makosa. Tulifundishwa kwa ngazi moja tu: miguu ya mbele chini, ya nyuma imebaki kwenye ngazi, simama, lipwa. Unaweza kufanya nyumbani kwenye ngazi yoyote. Zile nguzo 12 za kupita zigizaga hatukuzigusa, tulionyeshwa tu na mbwa wa mwalimu, na tukaambiwa lazima mbwa aingie nguzo ya kwanza ikiwa upande wa bega lake la kushoto, kila mara, hata akitokea upande gani. Akasema hilo peke yake ni miezi. Namuamini.

Sasa bembea.

Ubao wa bembea ni ule wa watoto, ubao mrefu umewekwa katikati kwenye kiguzo, upande mmoja ukiwa juu mwingine uko chini. Mbwa anapanda, akipita katikati ubao unapinduka chini ya miguu yake, unagonga chini, ndo anashuka. Kwa macho ya mbwa unafanana kabisa na daraja, ule ubao mwembamba wa juu ambao haupinduki. Wiki ya sita tulikua tumegawanywa makundi mawili kwa sababu tuko wengi, kundi letu kasimama msaidizi, kijana mzuri tu mwenye haraka, mwalimu yuko upande wa pili na wale wengine. Kijana akasema huyu wako jasiri, mpitishe tu. Mi nani nikatae, nimesifiwa mbwa.

Ubao ulikua haujashushwa na hakuna aliyeushika mwisho. Kishindo akapanda kwa mbio zote akijua ni daraja, akapita katikati, ubao ukaondoka chini yake, pwaaa. Akarushwa pembeni. Hakuumia, alitua kwa miguu, lakini nilimuona macho yake. Alienda mpaka mwisho wa kamba akakaa ananiangalia mi, sio ubao, mi, sikio lile lililosimama nalo limelala. Nikamuita akaja anatambaa. Mbwa anayeitwa Kishindo anatambaa. Halafu kwa siku ile hakugusa tena ubao wowote, hata ngazi ya wiki ya tano ambayo alikua anaikimbilia.

Nilirudi nyumbani nimefura, nikaandika meseji ndefu nikaifuta, nikaandika nyingine. Mwalimu alinipigia mwenyewe usiku ule ule kabla sijaituma, akasema kosa ni letu, hilo halitakiwi kutokea, na akanipa nusu saa ya peke yangu katikati ya wiki bila malipo. Ndo maana ni nyota moja na sio mbili.

Ile nusu saa ilikua darasa zuri kuliko yote. Hakumpandisha Kishindo kwenye ubao hata sekunde moja. Aliuweka chini kabisa, chini yake kaweka godoro jembamba ili usilie, akanipa klika, akasema lipa chochote. Akiuangalia, tak. Akinyoosha shingo kuunusa, tak. Baada ya dakika sita hivi aliweka mguu mmoja, ubao ukashuka kama upana wa kidole, ukatoa kamlio kadogo, akaruka nyuma. Akasubiri. Nikamlipa kwa ule mguu. Akarudi akauweka tena, akashtuka kidogo, akanitazama kama anauliza ni huo mlio ndo unaoulipa? Ndo huo. Akapiga tena. Mwisho wa nusu saa anaugonga kwa miguu miwili makusudi na mkia unazunguka kama feni. Yani kelele imekua yake, yeye ndo anaifanya, haimfuati tena. Kama wangeanzia hapo wiki ya sita ningewapa tano. Kwa hiyo we uliza kabla: bembea mnaanzaje? Wakikwambia "anazoea tu", ondoka.

Lalamiko la pili ni idadi. Mbwa kumi kwenye darasa la saa moja ni wengi sana, nilipima wiki ya tano Kishindo alifanya kazi dakika tisa. Nakubali mbwa anayeanza anahitaji zamu fupi, dakika mbili tatu halafu apumzike, lakini kupumzika sio kusimama kwenye foleni anabweka akiwabwekea wengine. Wiki ya tatu nikajua kubeba mkeka wake na maji na kukaa pembeni kwenye kivuli, na alipolala hapo ndo nikaona tofauti, zamu yake ikifika anakua mpya. Siku za joto msimbane mbwa jamani, yeye anajipoza karibu yote kwa kuhema, hatoki jasho kama sisi, ulimi ukishatoka mrefu umepanuka kwenye ncha hapo unasimamisha hata kama hela umelipa.

Vifaa, usinunue chochote kabla ya kuanza. Mi nilinunua hanesi ya kuvutia mzigo kwa sababu ilikua nzuri kwa macho, ikamziba mabega, nikaambiwa niivue. Kola ya kawaida bapa, kamba ya mita mbili isiyojikunja yenyewe, vipande laini vya nyama saizi ya ukucha wa kidole kidogo ili ameze asitafune dakika nzima, na kitu anachopenda kuvuta. Kola za kunyonga na zenye meno wanazikatalia getini, alama nzuri hiyo. Na kata kucha zake, kucha ndefu zinateleza kwenye mbao.

Wiki ya saba ilikua ya kuonja michezo mingine, na hii sikuitegemea. Waliweka maboksi kumi na mbili ya karatasi ngumu, moja lina chakula, mbwa anaingia peke yake wengine wakiwa nje wasionekane, anatafuta kwa pua. Kwenye mashindano baadae wanatumia harufu ya mafuta kama ya karafuu, ila mwanzo ni chakula tu. Hapa hakuna wa kunyoosha mkono, hakuna miguu, mi nimeshika kamba naambiwa nyamaza. Kishindo, wiki moja baada ya bembea, alipita boksi la kwanza, la tano, akarudi kwa la nne kichwa kikageuka kabla ya mwili, akazamisha pua mpaka machoni. Mbwa muoga, mbwa mzee, mbwa anayegombana na wenzake, mpelekeni huku kwanza. Kulikua na mama mmoja na mbwa wa miaka kumi na moja ambaye kwenye viunzi alikua anaangalia tu, siku ile alimaliza maboksi haraka kuliko wote na mama wa watu akatoka analia.

Wiki ya nane tukapewa njia fupi ya vizuizi sita. Unaikagua kwanza mwenyewe bila mbwa, unatembea unahesabu hatua, hapa nageuka, hapa nakaa kulia. Nikaikagua mara nne. Kishindo akaenda kiunzi, kiunzi, paa kagusa rangi, kiunzi, na handaki, lisilo lake. Kwenye mashindano hapo umeshatolewa. Nilivyoangalia video, viatu vyangu.

Nimejiandikisha ngazi ya pili, nimeomba kundi la mbwa sita na wamekubali. Viatu vimepona, tangu wiki ya tano kaharibu kandambili moja tu na ilikua imeshakatika. Tatizo sasa ni kabati la jikoni, kagundua mlango wake ukipigwa kwa mguu unalia vizuri kuliko ubao wa bembea, na anaupiga saa kumi na moja alfajiri halafu anakuja chumbani kusubiri malipo.